Kompyuta Iliyobaki Kaunta

Pale kwenye duka la vifaa vya kuzamia walimwita Bi Polepole, kwa sababu hakuna mteja aliyetoka bila kuambiwa, "Ukipanda juu, mwanangu, polepole." Aliwahi kuwa kiongozi wa wazamiaji. Sasa aliuza kompyuta za kuvaa mkononi, zile zinazomwonyesha mzamiaji yuko kina gani na ana dakika ngapi kabla gesi haijamjaa mwilini kupita kiasi. Zote alizipanga kwenye rafu za chini. Bosi alidhani ni uvivu. Ukweli ni kwamba mkono wake wa kushoto haukupanda kupita sikio, na kila aliyeuliza aliambiwa ni ngazi, alianguka ngazi.

Siku hiyo mdogo wake, kitinda mimba wa kwao, mwalimu wa hesabu mwenye mdomo kama cherehani, aliingia nywele zikichuruzika. Alikuwa ametoka kuzamia asubuhi ile ile, mita ishirini na nane, na kompyuta ya kuazima ya dada yake mkononi, ya kijivu, kioo kimejaa mikwaruzo.

"Dada, leo nanunua yangu. Hii yako inanichunga kama mama mkwe."

"Ndiyo kazi yake. Chukua inayofanana nayo. Namba kubwa, kitufe kimoja, betri unabadilisha mwenyewe. Maji yakichafuka kule chini hutaki picha, unataka namba."

Lakini bosi alikuwa ameshafungua boksi jingine: kioo cha rangi, dira, milio ya kila aina. Bosi alijua kuuza kioo. Kilicho nyuma ya kioo hakikumhusu.

"Mteja ameshachagua," alisema. "Wewe mtafutie mkanda mrefu tu."

Bi Polepole aliingia stoo. Aliporudi na mkanda, mdogo wake hakuwepo. Juu ya kaunta ilibaki ile ya kijivu, peke yake, ikihesabu muda tangu ilipotoka majini: saa moja na dakika kumi.

Akautupa mkanda kaunta.

"Yuko wapi?"

"Boti ya pili inaondoka. Ametoka na mpya yake, kafurahi kama bwana harusi."

Alinyakua ile ya kijivu, akakimbia. Nyuma yake bosi alipaza sauti kwamba akiharibu mauzo yale asirudi. Gatini kamba ilikuwa imeshafunguliwa, injini inanguruma, na boti imeacha upenyo wa hatua moja.

"Jamani, Bi Polepole anakimbia!" nahodha alicheka. "Kiama hicho!"

"Zima injini!"

Nahodha alimtazama usoni, akazima.

"Dada, usinitie aibu mbele ya watu," mdogo wake alinong'ona. "Tunakwenda mita ishirini na nne tu. Hii inanipa dakika thelathini. Hiyo yako ilikuwa inanipa kumi na saba. Mimi mwalimu wa hesabu, najua iliyo kubwa."

"Asubuhi ulizama na ipi?"

"Na hii ya kwako."

"Basi hiyo mpya ilikuwa wapi?"

Mwalimu akaitazama ile mpya mkononi mwake.

"Ilikuwa ndani ya boksi, imelala," dada alisema. "Haijui kama umeshazama leo. Inakuhesabia kama mtu aliyetoka kitandani sasa hivi. Gesi ya asubuhi bado unayo mwilini, na anayeijua ni hii hapa tu."

"Si tofauti ya dakika kumi na tatu tu? Nitajihisi mwenyewe nikianza kuumia."

Watu kwenye boti walianza kutazama saa zao. Bi Polepole alijaribu kuunyanyua mkono wa kushoto. Ulifika sikioni, ukatetemeka, ukakwama.

"Mimi sikuhisi kitu," alisema. "Nilipanda polepole, nikavua mtungi, nikacheka na wenzangu. Jioni bega likaanza kuuma. Betri ya kompyuta yangu ilikuwa imekufa mchana, baada ya kuzama mara ya kwanza, nikaazima ya mwenzangu ambayo haikuwa imezama siku ile. Hapakuwa na ngazi, mdogo wangu. Miaka kumi na moja nawadanganya, mama kafa akiamini ni ngazi. Niliona aibu, mimi niliyekuwa nafundisha wengine."

Mdogo wake alifungua mkanda wa ile mpya, akampa. Akavaa ya kijivu.

Injini ikawashwa. Bi Polepole alibaki gatini, kompyuta mpya kiganjani, namba thelathini ikimeremeta bila mwili wowote nyuma yake. Hakuketi. Boti iliporudi, wa kwanza kushuka alikuwa mdogo wake.

"Dakika kumi na nne," alisema. "Na nimepanda polepole."

Walirudi dukani pamoja. Bosi alikuwa mlangoni, uso umekunjwa. Mwalimu alimpita na kwenda kaunta, akaokota boksi tupu na kulikabidhi kwa dada yake airudishe ndani ile mpya.

"Hii nitaanza nayo keshokutwa, gesi ya leo ikishanitoka," alisema, kisha akamgeukia bosi. "Na hizo rafu za chini, bosi, ziache zilivyo."