Nusura niiue amplifaya ya harusi

Wenzangu, leo nusura niiue amplifaya ya mjukuu wangu Juma, na harusi ya dada yake ni kesho!

Juma ameitoa redio yetu ya kaseti, akaifunga hiyo mpya, akaiwasha, akaenda kuoga.
Mimi kutulia siwezi.
Chombo kizuri hivyo kikae uchi sebuleni? Nikakivisha kitambaa nilichokifuma mwenyewe, mpaka chini.

Taarabu ikaimba, ikakwaruza, ikanyamaza. Na harufu ya kuungua!

Juma akatoka bafuni mbio: "Nyanya! Hii yapumulia juu!"
"Mbona hukunambia ina pua?"

Nikaivua, nikaipepea kwa kipepeo cha jikoni.
Alhamdulillahi, ikapoa, ikaimba.

Juma akaninyang'anya kipepeo: "Kesho keti na bi harusi, muziki niachie mimi."

Nitaketi vipi, jamani?