Waya Mbili za Lori la Baba

Harufu ya petroli iliyochanganyika na jasho hunikera mpaka leo, maana ndivyo alivyonuka Ami Kombo, mdogo wake baba, asubuhi aliyokuja kwetu Mabawa kuchukua lori la marehemu. Niwaambieni kweli, nilimchukia mtu yule kwa moyo wangu wote wa miaka kumi.

Baba alikuwa na wiki tatu kaburini. Mama yuko ndani, amekaa eda, na lori halijawashwa tangu maziko. Ami hakubisha hodi. Nilimpa shikamoo, akanipita kama kizingiti. Akafungua boneti, akang'oa plagi kuukuu zilizojaa masizi, akazitupa kwenye mchaichai wa mama. Akafunga mpya nne na waya mpya nne, akinung'unika kwamba kaka yake hakujua kutunza mali. Kisha akaenda kunawa kisimani, nyuma ya nyumba.

Kazi ile nilimwona baba akiifanya mara nyingi. Nilijua kila waya una plagi yake. Nikapanda juu ya bampa, nikazipishanisha waya mbili za katikati.

Ami alirudi, akazungusha hendeli ya kuwashia, mbele ya lori. Lori likakohoa, likapiga mshindo uliotawanya kuku, likazima. Alizungusha mpaka adhuhuri, kiganja kimemchubuka, akilitukana lori, akimtukana na marehemu. Mimi nimekaa namumunya ukwaju, na sijapata kula ukwaju mtamu kama ule. Mwisho akachukua mkeka wetu, akajinyoosha barazani.

Ndipo mama aliposema, nyuma ya pazia la dirisha:

"Shemeji, waya za katikati zimepishana."

Alijua kwa mlio tu. Ami akazirekebisha, lori likanguruma, akaondoka nalo bila kuaga.

Sikumsemesha mama siku nne. Kinyongo kile nilikibeba hata nikaolewa, ndipo nikamuuliza. Alikuwa akichambua mchele, hakuinua uso. Alinieleza kwamba Ami, akitoka kisimani, alisimama kwenye dirisha la nyuma akamwambia lori lisipowaka, urithi wake utakuwa nyumba: atahamia pale pale, eda ikiisha amwoe, atake asitake.

"Nilikuwa na mtoto wa kike ndani," mama akasema. "Lori nikamwachia, aende nalo."

Nami nilidhani napigania mali ya baba. Kumbe kila lori lilipokohoa na kuzima, mama alisikia mlango wetu ukifungwa, na mtu yule yumo ndani.