Nilipiga yowe Makambako kwamba lori langu limeibiwa, kumbe ni kichwa kilichokuwa kinaibiwa

Wakuu wangu wa ukurasa huu, kamwene nyote.

Mimi si mtu wa kushangazwa na kitu. Nilianza na sufuria moja ya maharage kando ya barabara hapa Makambako, nikiwauzia madereva. Leo nina duka, hoteli na lori, na shule yangu iliishia darasa la pili. Bwana Shauri mwenyewe, mkuu wa wilaya, akipita hunipungia mkono.

Ninayoandika ni kweli tupu. Mke wangu, Mama Yohana, amekaa pembeni. Nikitia chumvi atanikanyaga mguu.

Basi, asubuhi moja natoka nje, lori hakuna!

Nikapiga yowe. Majirani wakatoka na fimbo. Nikaenda hadi kwa askari, nikataka wafunge barabara yote.

Mara akaja Mgaya, dereva mwenzangu, ameshika tumbo kwa kicheko.

"Bwana mkubwa, lori lako liko Njombe sokoni. Jana si nilikurudisha kwa langu? Umeniimbia njia nzima!"

Watu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka.

Nilimkumbuka marehemu baba. Naye alianza hivihivi. Alisahau jembe, akasahau njia ya shambani kwetu Mahongole, mwisho akanitazama mimi, mtoto wake wa kumzaa, akauliza, "Wewe wa nani?"

Nikamwambia Mama Yohana kwamba duka na lori nampa mdogo wangu, kabla sijavipoteza vyote.

"Subiri kwanza," akasema. "Twende Bulongwa kwa dokta."

Nikamweleza dokta yote, hata ya baba. Akanifunga mpira mkononi, akaujaza upepo, akatikisa kichwa. Akauliza kama nakunywa pombe.

"Hapana. Mimi Mlutheri."

Mama Yohana akakohoa. "Dokta, muulize ulanzi."

Wakuu, niteteeni kidogo. Maji ya mwanzi yakitoka mabichi ni matamu, hata watoto huonja. Nani kwetu anayaita pombe? Ila yangu, nakiri, yalikuwa yanakaa kwenye kibuyu mpaka jioni, na yakishakaa yanapiga.

"Unakunywa kiasi gani?"

"Sasa dokta, nani anapima maji ya mwanzi?"

Akacheka, kisha akaninyooshea kidole.

"Uzee siwezi kukuzuilia, wala siwezi kuahidi kwamba la baba yako halitakufika. Lakini kichwa chako hakijaharibika. Unakilewesha, hukilazi, na tangu ununue lori hukitembezi. Damu nayo inasukuma kwa nguvu mno, kwa hiyo punguza chumvi na mafuta ya nguruwe."

Hakijaharibika! Nilitoka pale nataka kuruka kama ndama.

Tangu hapo shamba la Mahongole naenda kwa miguu. Madereva wanasimamisha magari: "Bwana, umefilisika? Panda!"

Nawajibu, "Natembeza kichwa, pita!"

Kulala, nalala kuku wakilala. Mboga za majani nakula mpaka nahofia kulia kama mbuzi. Nimeingia kwaya, sauti ya besi, nyimbo zote za kushika moyoni. Mwalimu wetu ni mdogo kuliko Yohana wangu na ananigombeza mbele za watu. Namvumilia, maana besi kama yangu hana nyingine.

Ulanzi ndio ulionitesa. Masika ilipofika, ndio msimu wake, vilabuni nilikuwa napita nimebana pumzi.

Juzi sokoni Njombe mimi na Mama Yohana tukakutana na shemeji yangu kutoka Mlangali, kaleta maharage. Zamani nilikuwa namwita "shemeji, shemeji" tu, kwa sababu jina lilikuwa limenitoka. Safari hii nikamwita:

"Kamwene, Lameki! Mguu wa mama umepona? Eliza je? Na wale mapacha, Daudi bado anakoroma?"

Lameki akamgeukia mke wangu. "Dada, huyu mume umembadilisha wapi?"

Mama Yohana akacheka mpaka machozi. Kisha nikawasha lori langu, ninalojua liko wapi, tukarudi nyumbani.

Wenye umri wangu, nawaambia: ukianza kusahau usijifiche kwa aibu, wala usigawe mali. Nenda ukapimwe, na dokta akikuuliza unakunywa nini, mtajie kila kitu. Na waliouguza wazazi waliosahau, andikeni hapa mlifanyaje. Wanaosema ulanzi si pombe nao waje, nipo.

Na anayedhani dawa hii ni ya matajiri, hesabu ndiyo hii: dokta shilingi mbili, na katambuga, viatu vya matairi, jozi mbili, maana ya kwanza niliimaliza soli kwa kutembea, shilingi tatu na senti ishirini. Jumla, shilingi tano na senti ishirini.