Kizibo Alichokirudia Mama

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa maji kisimani, nyumbani kwetu hakuna mtu aliyefungia mzigo wake chumbani akaondoka. Mzigo ulifungiwa uani, juu ya ngozi ya ng'ombe, mbele ya macho ya bibi. Bibi huyo ndiye aliyemzaa baba. Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, huku kwetu upande wa Zagayu, tukilima pamba na mtama.

Mtu akitaka kusafiri, hata kama ni kwenda Lalago tu kwenye harusi, alitandaza vitu vyake vyote juu ya ngozi ile. Nguo, blanketi, kibuyu cha maji, michembe ya viazi vikavu ya kutafuna njiani. Kisha akavigusa kimoja kimoja, na kila alichokigusa alikiambia, "Wewe na mimi." Basi, hivyo tu. Siku ya kuondoka ugenini alivitandaza huko huko na kuvigusa tena. Akirudi nyumbani, haingii ndani mpaka avitandaze uani na bibi avione.

Bibi aliamini kwamba kitu kikisahauliwa hakikubali kukaa peke yake. Kitamwita mwenyewe. Mwenyewe akisikia akakirudia kwa miguu yake, ni heri. Asiposikia, kitamwita usingizini, na asiposikia usingizini, kitamwita kwa homa. Mwaka mmoja yeye mwenyewe aliacha kikopo chake cha ugoro kwenye sherehe Lalago. Akasema ameota kinalia kama ndama, na kulipokucha akashika njia kukifuata. Shangazi yangu, ambaye hakuwa na heshima sana kwa mambo hayo, alituambia watoto kwamba kilichokuwa kinalia ni mtungi wa pombe, kwa kuwa ulikuwa haujaisha.

Mimi ni mtu wa kanisa. Nimebatizwa, nimefunga ndoa madhabahuni, na rozari yangu naisali. Lakini nakiri kwamba nikilala kwa wanangu Bariadi mjini, asubuhi ya kuondoka natandaza vitu vyangu kitandani na kuvigusa. Wajukuu wanacheka. Nawaambia bibi yenu anaangalia asisahau miwani. Siyo uongo mtupu, ila siyo kweli yote.

Sasa niseme habari ya mama.

Mama aliolewa kwetu kutoka Mwamanyili, karibu na ziwa. Alikuja na kibuyu kikubwa cha kusukia maziwa, na kibuyu hicho kilikuwa na kizibo cha mti kilichokaa sawasawa mdomoni. Anayesuka maziwa anajua. Kizibo kisipokaa vizuri, ukitikisa kibuyu maziwa yanakumwagikia mapajani na siagi hupati. Desturi ya bibi mama aliishika kuliko hata mabinti wa bibi wa kuzaa. Bibi alijisifia kwa majirani kwamba mkwe wake anaweza kwenda mpaka Mwanza na kurudi asipoteze hata sindano.

Mwaka mmoja baba alioa mke wa pili, akamjengea mji wake ng'ambo ya mto, akawa analala huko. Mama hakupiga kelele. Alilima, alikama, na jioni alisuka maziwa akitazama mlango wa ua. Pamba ilipokwisha kuuzwa, alituma habari kwao, na mjomba wangu, mdogo wake mama, akaja na baiskeli kumchukua. Bibi alimsihi akae. Alimwambia wanaume hurudi wakichoka kuvuka mto. Mama alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akaendelea kukunja nguo.

Mimi sikuwa wa kwenda. Ng'ombe wa mahari walikuwa wametolewa, na mtoto alikuwa wa kwa baba yake. Jambo hilo halikuhitaji mtu kulisema, na hakuna aliyelisema. Sikuuliza. Nilikuwa kama mtu aliyeingiwa na maji masikioni. Nilisikia watu wakizungumza, maneno yakawa mbali.

Jioni ile ya kufunga mizigo mama alitandaza vyake juu ya ngozi. Kibuyu kilikuwa kimekaushwa kwa ajili ya safari, kimefungwa mdomo kwa kitambaa, na kizibo kimetiwa kwenye mfuko mdogo pamoja na miko. Mama aligusa kila kitu. "Wewe na mimi. Wewe na mimi." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama ya mtu anayeita kuku. Kisha mjomba akamwita aje aone kama kamba ya baiskeli itatosha. Bibi, aliyekuwa akisaidia kufunga, akatia mkono kwenye mfuko ule, akatoa kizibo, akakificha katika pindo la nguo yake.

Nilimfuata. Alikwenda mpaka kwenye kihenge cha mtama, akafunua juu, akakizamisha ndani ya nafaka mpaka kwenye kiwiko. Aligeuka akaniona.

"Bibi, umekificha kizibo cha mama."

"Sijakificha," akasema. "Nimekisahau kwa niaba yake."

Alisema hivyo bila haya na bila hila, kama anayeeleza namna ya kupika. Alijua vizuri kwamba kwa desturi yake mwenyewe kitu kilichofichwa hakina nguvu ya kuita. Lazima kisahauliwe. Basi akatafuta njia. Ninapomkumbuka bibi naona hapo ndipo mahali pekee nilipowahi kumwona akiipinda desturi, na aliipinda kwa ajili ya mkwe, mtu ambaye hakumzaa.

Asubuhi waliondoka. Mama alinishika kichwa, akaniambia nisiache kwenda mafundisho ya ubatizo, ambayo yeye ndiye aliyeniandikisha. Watu hudhani mtoto wa namna hiyo hulia akagaagaa. Sikulia. Nilitazama gurudumu la nyuma la baiskeli, jinsi mzigo ulivyolikandamiza, nikawaza kama litafika.

Siku ile bibi alifagia ua, ingawa ulikuwa umefagiliwa. Siku ya pili akafagia tena, akapika viazi vingi kuliko sisi tuliokuwapo. Jua lilipoanza kupinduka, mama alitokea kwenye njia, peke yake, vumbi mpaka magotini. Walikuwa wamelala kwa ndugu njiani. Kabla ya kuendelea na safari mama alitandaza vitu kama alivyofundishwa, akagusa, akakosa kimoja. Mjomba alibaki huko na baiskeli, akimngoja.

"Mwadila, mayu," mama akamwamkia bibi kwa lugha yetu, akimwita mama.

Bibi akaitikia kama anayeitikia jirani aliyepita kuomba moto. Mama akasema kuna kitu chake kimebaki.

"Kitakuwa kimebaki," bibi akasema. "Vitu havina adabu. Kaa kwanza unywe maji."

Mama alikunywa maji, akala viazi. Halafu akaanza kutafuta. Alitafuta jikoni, alitafuta chumbani, alitafuta chini ya kitanda, na alikuwa hana haraka. Alikung'uta hata ungo, kana kwamba kizibo kinaweza kulala juu ya ungo kisionekane. Bibi alikuwa amekwisha kumtuma jirani avuke mto akamwite baba. Kisha akamwambia mama kwamba jua limekwenda, njia ya peke yake si nzuri jioni, alale. Kesho watatafuta wote, na mwenye mji atakuwapo.

 Mama alifungua kanga aliyokuwa amejifunga kiunoni kwa safari, akaiweka juu ya kigoda. Bibi aliiona kanga ile. Nami niliiona. Nakumbuka bibi aliinama akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Ndipo mama akaniita. "Kabula, wewe ndiye unayekwenda mafundisho. Hujakiona kizibo changu?"

Katika mafundisho tulikuwa tumefikia amri ya nane, ile ya kutosema uongo. Katekista wetu alikuwa mkali, alituambia Mungu anasikia hata uongo unaosemwa kwa kunyamaza. Nilimtazama bibi. Bibi alitazama chungu. Nikasimama wima, mikono chini, kama tulivyosimama kutoa majibu kanisani.

"Kiko kwenye kihenge. Ndani ya mtama."

"Nani amekiweka?"

"Bibi."

 Mama alikaa kidogo mikono yake ikiwa mapajani. Halafu akanyanyuka, akachukua kanga juu ya kigoda, akajifunga tena. Akaenda kwenye kihenge, akatia mkono, akatafuta kwa muda, akakitoa. Alikipuliza vumbi la mtama, akakifuta kwa pindo la kanga.

"Asante kwa maji, mayu," akamwambia bibi. Kisha akanigeukia. "Umesema vizuri," akaniambia. Haikuwa sauti ya kunisifu wala ya kunilaumu.

Akaondoka, akitembea upesi ili awahi kwa watu kabla ya giza. Baba alifika jua likizama, amevaa shati la kutokea, akauliza mgeni yuko wapi.

"Alikuja," bibi akasema. "Mtoto amempa kilicho chake, amekwenda."

Baba alisimama na fimbo yake mkononi. Kisha akaenda kutazama ndama, akakaa huko mpaka tukamwita kula.

Bibi hakunigombeza, siku ile wala siku nyingine. Alinipenda kama kawaida, alinipaka mafuta, alinipigia hadithi. Ila tangu hapo hakunituma tena kwenye kihenge. Mtama alikwenda kuchota mwenyewe, hata alipokuwa mzee na mgongo umemkataa.

Mama hakurudi. Aliolewa tena huko huko kwao, akazaa. Alikuja kwenye harusi yangu, tukaongea habari ya mvua.

Nilikuwa nimekwisha kuzaa wawili nilipokwenda Mwamanyili kumtazama baba yake mama, ambaye alikuwa amedhoofika. Nilimkuta amekaa kivulini anachonga. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akifanya kazi. Nyuma yake kulikuwa na tenga limejaa vizibo vya vibuyu, vya kila ukubwa. Majirani walipita wakachagua, mwingine alikuja na kibuyu chake mkononi kupimisha. Wakati ananiuliza habari za ng'ombe wetu, alichonga kimoja, akakisugua kwa jani gumu, akakipuliza, akanipa. Maji ya uji yaliyokuwa jikoni yalikuwa bado hayajachemka.

Nilikaa na kizibo kile mkononi. Mama alikuwa ng'ambo ya ua anaanika dagaa, ameinama, amenipa mgongo. Angeweza kuendelea na safari yake siku ile. Angefika kwao jioni, akaomba kizibo kingine, akakipata kabla hajanawa miguu. Badala yake aliiacha baiskeli na mdogo wake, akatembea njia yote ile kurudi nyuma, akatafuta polepole hata juu ya ungo. Nilitaka kumwuliza. Nikamwuliza kama dagaa wa mwaka ule ni wengi. Akasema ni wa kutosha. Amekufa sasa, Mungu amrehemu, hatukuwahi kuzungumza zaidi ya hapo.

Dhambi zangu ninazijua. Nimesema uongo mara nyingi, kwa mume, kwa watoto, kwa majirani, na wote nimeupeleka kitubioni nikasamehewa. Kile nilichosema siku ile sina pa kukipeleka, kwa sababu si dhambi. Mara moja nilimsimulia padri mmoja, naye akanijibu kwamba mtoto yule alitenda vyema. Nikamshukuru. Hilo nilikuwa nalijua. Nisichokijua mpaka leo ni kama mama, aliponiuliza, alitaka nimjibu.