Wale Wanaorudi Kupima Gauni

Fundi Pini alipachikwa jina hilo kwa kuwa alizoea kuongea huku kabana pini mdomoni, na ukimwonya kwamba atazimeza, anakujibu mdomo ni wake. Cherehani yake ilikaa kibarazani, karibu na daraja linalougawa mji. Huku chini watu weusi na vyumba vya kupanga, kule juu watu weupe na mageti. Lakini nguo ikibana haiulizi rangi, na wote walikuja kwake.

Wanawake wa juu waliokatwa titi kwa saratani walielekezana hapo. Fundi aliwashonea kifuko cha pamba ndani ya gauni, na mtu akivaa huwezi kujua upande upi ni wake na upi ni wa fundi. Wanajigeuza kwenye kioo, wanacheka, wanaondoka. Mwaka wa pili wanarudi, wamenenepa, wanataka gauni liachiwe kidogo. Kutoka mtaa wake mwenyewe hakuja hata mmoja. Basi akaamua kwamba saratani ni maradhi ya weupe, tena si ya kuua. Jamani, angejuaje? Macho yake ndiyo yaliyomwambia.

Ndipo mdogo wake, tumbo moja, mfagiaji wa shule, alipomshikisha uvimbe kifuani. Fundi akautomasa, akamtania kwamba anataka maradhi ya kitajiri na hata geti hana. Akamwambia akande kwa maji moto. Mdogo akaridhika, maana dada alikuwa amemlea. Zahanati ya mtaani nayo ikampa vidonge vya maumivu, ikampa tena. Mvua zikaja, zikaisha, uvimbe ukapasuka.

Walipovuka daraja kwenda hospitali kubwa, daktari alisema ugonjwa umeshasambaa. Fundi akawaka. Mbona wateja wake wote wamepona? Daktari hakukasirika. Alisema wale hupimwa hata wakiwa hawaumwi chochote, uvimbe ukiwa bado kama punje. Kisha akamuuliza wanawake wa mtaani kwake hufa kwa maradhi gani.

Fundi akaanza kwa sauti: muuza mkaa, kidonda cha kifua kisichopona. Mke wa kinyozi alikonda tu, watu wakasema karogwa. Shangazi yao, kifua hichohicho. Hakuna hata mmoja aliyeishi akafika kibarazani kupima gauni.

Njiani kurudi kichwa kilimzunguka. Kama ugonjwa ni mmoja, na mwili ni mwili, daraja lina nini? Alijilaumu, akamlaumu daktari, akailaumu zahanati, akarudi kujilaumu, na hesabu haikukaa. Hakuweza kumtazama mdogo wake.

"Dada," mdogo akasema, "kwa nini wale wa juu wanazeeka na ugonjwa huu?"

"Sijui, mdogo wangu. Wallahi sijui."

Mdogo alitembea kidogo, akasimama kuvuta pumzi.

"Ungeniambia hivyo siku ile," akasema, "ningekwenda kuuliza kwingine."