Taa za Baba na Posa ya Vanga

Baba yangu alikuwa mtu wa salamu. Akitoka nyumbani kwetu Msambweni kwenda kununua sukari duka la pili, alirudi adhuhuri imekwisha kuingia, kwa sababu njiani alimjulia hali kila mtu, na mgonjwa wa kila mtu, na mbuzi wa kila mtu. Hata ndani ya gari hakuacha. Miaka ile ya mwisho wa tisini, madereva wa barabara ya Likoni mpaka Lunga Lunga walikuwa wakisalimiana kwa taa. Unapishana na mwenzako, unawasha na kuzima, naye anakujibu vivyo hivyo, kila mtu anakwenda zake. Baba alimsalimu anayemjua na asiyemjua, basi la abiria, lori la mchanga, hata watalii wa Diani waliokodi magari, ambao nadhani waliamini wamevunja sheria.

Kwa taa alizokuwa nazo, hakuna aliyedhurika. Pikapu yake kuukuu ya Kifaransa, aliyopakia nazi na machungwa kupeleka soko la Ukunda, ilikuwa na mwanga wa koroboi. Magharibi moja karibu na Kinondo alifunga breki mbele ya ng'ombe mweusi aliyelala katikati ya lami kama aliyewekewa kitanda. Ng'ombe hakushtuka. Baba alishtuka kwa niaba ya wote wawili, na safari yake iliyofuata ya Mombasa alirudi na globu mbili mpya ndani ya kiboksi, akizishika kama mayai. Muuzaji alimwambia ni za magari ya mashindano.

Aliyezifunga ni fundi wa umeme wa magari pale Ukunda, kijana wa bara. Mimi nilikuwapo, nimeomba lifti kwenda kununua vitambaa, maana nilikuwa fundi cherehani.

"Mzee, hizi ni moto. Utaona mpaka Tanga," alisema yule fundi. "Lakini hizi waya zako ni za kitambo sana. Hazitahimili. Wacha niweke zingine."

"Wewe weka globu, mwanangu," baba akajibu. "Waya nimeishi nazo miaka mingi, tunajuana."

Walijuana kwa siku chache tu. Jioni moja gari lilinuka plastiki iliyoungua, na swichi ya kupunguzia taa ikayeyuka na kugandia kwenye fulu. Tangu hapo kulikuwa na mambo mawili tu, giza au mchana. Baba hakuona tatizo. Alisema amenunua mwanga, na mwanga atautumia wote.

Wiki hiyo hiyo alirudi nyumbani baada ya Magharibi, kutoka kununua nazi upande wa Lunga Lunga, akiwa amefurahi kupita kiasi. "Adabu haijesha katika nchi hii," alitutangazia mama na mimi kabla hajavua viatu. "Pale mbele ya Ramisi nimemsalimu mtu, jamani, akanipisha mpaka akaingia shamba la muhogo! Gari zima! Heshima ya namna ile niliiona mwisho enzi za babu yangu."

"Bwana, pengine umempofua," mama akasema.

"Nimpofue kwa salamu?"

Mimi nilicheka, na nilicheka kwa sababu sikujua. Mawazo yangu yalikuwa kwingine. Kulikuwa na mwalimu wa shule ya msingi jirani na kwetu, kijana wa Vanga, aliyeleta suruali moja kushonwa mara nyingi kuliko suruali yoyote inavyoweza kuchanika. Nilimtaka. Sioni haya kulisema. Nilikuwa nimekwisha kukataa wawili waliotangulia, na shangazi zangu walikuwa wameanza kunisomea dua, na huyu ndiye nilikuwa nimemngoja. Wazee wake walituma habari kwamba Ijumaa, baada ya swala ya Alasiri, watafika.

Walifika wawili, baba yake na ami yake, katika gari dogo la zamani. Kijana mwenyewe hakuja, maana kwetu mtu hajiposei. Nami kwa desturi hiyo hiyo nilikuwa chumbani nyuma ya pazia na mama, kimya, nisionekane wala nisisikike, jambo ambalo kwa mtu mwenye mdomo wangu ni mtihani. Nje walizungumza mvua, wakazungumza bei ya ng'onda, maana mzee yule alikuwa mfanyabiashara wa samaki wakavu, na nusu saa ikapita kabla hawajafika kwangu. Hatimaye ami yake akasema kijana wao anaomba kuwa mtoto wa nyumba hii. Baba akasema wamekuja kwao, na kwamba jibu watalipata baada ya kushauriana na wenye mtoto. Hivyo ndivyo inavyosemwa. Mama alinifinya, mahamri na kahawa vikapelekwa, na mimi nikaanza kupumua.

Ndipo baba akauliza, kwa ukarimu wake, kama walisafiri salama.

"Leo salama, alhamdulillahi," akasema mzee wa Vanga. "Wiki hii ndiyo ilinifika shingoni. Natoka zangu Ukunda, hapo mbele ya Ramisi, akaja mwendawazimu. Sikuona gari, Sheikh. Niliona majua mawili. Kisha, baada ya kunipofua, akayazima na kuyawasha tena, ananikejeli! Nikaingia shamba la watu, nikavunja taa ya kushoto. Namtafuta mtu yule. Wallahi nikimpata, hatutakula sahani moja mimi na yeye."

Nyuma ya pazia mama aliushika mkono wangu, nami niliona ndoa yangu inaingia shamba la muhogo. Pikapu ilikuwa bandani nyuma ya nyumba. Kama baba angenyamaza tu, wageni wangeondoka na mambo yangepita. Alinyamaza. Nilimwombea kila la heri.

Lakini mazungumzo yalinoga, adhana ya Magharibi ikawakuta, wakaenda kuswali, na walipotoka msikitini giza lilikuwa limeingia, na gari la wageni lina taa moja. Njia ya kushuka Vanga kutoka Lunga Lunga ilikuwa mashimo matupu, na mgeni kwetu husindikizwa. Baba aliingia ndani kuchukua ufunguo.

Mama akamzuia mlangoni, akinong'ona. "Usithubutu. Waambie gari limeharibika."

"Nidanganye nimetoka kuswali sasa hivi?"

"Mfikirie mwanao!"

Baba akanitazama. Uso wangu ulisema, na uliyoyasema hayakuwa mazuri. Nilimkasirikia kuliko nilivyopata kumkasirikia mtu.

"Namfikiria," akasema taratibu. "Mtu akifia shimoni kwa kutoka nyumbani kwangu gizani, huyu ataolewa vipi na mtoto wake?"

Akaenda bandani. Gari likanguruma, na uwanja mzima ukawa mweupe. Kuku walishuka kutoka juu ya banda wakaanza kuparura, wakidhani kumekucha. Mzee wa Vanga alifunika macho kwa kofia yake, akasimama hivyo hivyo. Nilichungulia pembeni mwa pazia, desturi au si desturi. Baba alishuka, akaja kusimama mbele ya taa zake mwenyewe ili aonekane vizuri, mikono chini.

"Ni mimi," akasema. "Swichi imeungua, haipunguzi. Sikukukejeli, ndugu yangu. Nilikuwa nakusalimu."

"Ulikuwa unanisalimu?"

"Ndiyo, Sheikh. Salamu tu."

Mzee aliiteremsha kofia machoni. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani ni hasira, kumbe kicheko kilikuwa kinatafuta njia ya kutokea. Alicheka mpaka ami mtu akamshika asianguke.

"Basi salamu ni deni," akasema akijipangusa macho. "Wa alaykumus salaam, mkwe. Haya, tangulia mbele utuangazie, nami nikufuate nyuma. Mbele yako sikai tena."

Mkwe! Na baba alikuwa bado hajawapa jibu. Mama aliketi chini pale pale sakafuni, kitenge usoni, akicheka na kumshukuru Mungu kwa pamoja. Mimi nililikumbatia pazia, nikalia kwa furaha mpaka mwanga wa baba ulipopotea upande wa Lunga Lunga.