Nusu Iliyobaki Bukavu

Mafuta ya mawese yakianza kupata moto kwenye sufuria, mimi humwona Bikira Maria asiye na pua. Msinicheke. Kila Jumamosi, katika chumba chetu cha kupanga pale Berea, ugenini huku kusini, mama alichovya kitambaa kwenye mawese akasugua kibao kidogo cha pembe ya ndovu, cha kutosha kiganjani, kilichochongwa Maria na Mtoto wamesimama chini ya matao yenye ncha. Kisha alimbusu Maria usoni, nami nikambusu, kama bibi alivyofanya kabla yetu. Kwa mabusu yote hayo pua ilikwisha, na kwa mawese pembe ikapata rangi ya meno ya mvuta sigara. Mama aliita huko kutunza.

Kibao kile kilikuwa nusu tu. Bibi alimpikia padri mzee wa Kifaransa huko Bukavu, naye padri alipoondoka akamwachia vibao viwili vilivyofungamana kwa bawaba kama kitabu, vilivyochongwa Ulaya karne nyingi nyuma kwa pembe iliyotoka Afrika. Mama alipokimbia vita, bibi alizing'oa bawaba: Maria akaja na mama, Yesu msalabani akabaki na mama mdogo. Siku wakikutana, dada hao wangeviunganisha tena.

Bibi alifariki mwaka 2016. Mama hakwenda kuzika, maana mwenye karatasi za ukimbizi akirudi kwao, karatasi zimekufa. Sikumwona akitoa chozi. Alishuka madukani Marshalltown akanunua bawaba mbili za shaba, akaziweka kando ya Maria, kwani mama mdogo alikuwa anakuja. Nilikatazwa kuzigusa, nikazigusa kila siku.

Mama mdogo alifika miguu imevimba kwa safari ya basi. Hata chai haijachemka, mama akamwuliza, "Iko wapi?"

"Nilimuwekea mama mu mukono, yaya. Njo walimuzika nayo," akamjibu dada yake mkubwa.

Mama akakaa kitandani, bawaba mkononi. Mimi nilikasirika, nawaambia kweli.

"Eish, mama mdogo! Umeitupa!"

Mama alininyamazisha kwa jicho moja.

"Wewe haukukuwa pale," mama mdogo akamwambia mama polepole. "Alikuwa anakuulizia mpaka mwisho. Nikamuambia, nusu ingine iko na yeye."

Hapo mama akalia kwa sauti, akamwita mama yake kwa jina, hadi majirani wakagonga mlango. Mama mdogo akawafungulia, akatandika mkeka, wakakaa. Mmoja alileta sukari, mwingine akaanzisha wimbo wa kanisani kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Nilidhani wote wanalilia pembe, nikamnunia mama mdogo wiki nzima.

Nilipokuwa mkubwa ndipo nilipofahamu kwamba siku ile, pale Berea, mama alikuwa anamzika mama yake.